Kabla hujanunua ngoma

Watu wakijua kwamba mimi ni mpigaji ngoma, swali la kwanza huwa ni bei: ngoma nzuri shilingi ngapi, na nikainunue wapi? Huwa nawauliza nami: unataka kupiga ngoma gani, na utapiga na nani? Hapo wengi hunyamaza. Ngoma zetu nyingi hupigwa kwa kundi. Ukinunua vumi, ile kubwa ya sauti nzito, nawe huna chapuo, ile ndogo, wala mtu wa kuipiga, umejinunulia stuli ya sebuleni. Nitaambiwa kwamba marehemu Morris Nyunyusa, ambaye ngoma zake zilisikika Radio Tanzania kabla ya taarifa ya habari, alipiga peke yake. Kweli, lakini hata yeye alijizungushia ngoma nyingi, kubwa kwa ndogo.

Kwa hiyo anza na kikundi, ngoma itafuata. Mimi nilijifunzia Pwani, kwenye kikundi cha mtaani kilichokuwa kikiitwa kwenye harusi. Kwa muda mrefu nilipewa pigo moja tu lisilobadilika, wazee wakicheza na mapigo yao juu yake. Linachosha mkono, na kichwa zaidi, ila ukilipoteza, wachezaji wote wanapotea nalo.

Warundi wamelipanga jambo hili vizuri kuliko wote niliowasikia. Katikati panakaa inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashakwe zinashikilia pigo lisilokatika, na ibishikizo zinafuata anachoagiza wa katikati. UNESCO iliiingiza sanaa hiyo kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, na video zake ziko tele. Ukizitazama, macho yatamkimbilia anayeruka na mikwiro, yaani fimbo za kupigia, mkononi. Mwache aruke. Wewe watazame wapigaji wa amashakwe, maana ndiyo kazi utakayopewa kwanza.

Sasa twende kwenye kununua. Ngoma za maduka ya vinyago ziache ukutani, hasa zilizopakwa rangi mpaka kwenye ngozi. Nenda kwa fundi, igeuze ngoma, chungulia kwa chini. Ukuta wa mzinga, yaani gogo lililochimbwa, uwe na unene ulio sawa. Fundi mvivu huchonga sana mdomoni, katikati akaacha gogo. Tafuta nyufa mdomoni, kwa sababu ngozi inapovutwa ufa mdogo hukua. Kisha pitisha kiganja juu ya ngozi ukitafuta mahali kisu cha mchunaji kilipogusa. Itachanikia hapo hapo, na kwa kawaida ni usiku wa shughuli. Ngozi ya mbuzi inafaa ngoma ndogo inayotaka sauti kali, ya ng'ombe inafaa kubwa. Na simama karibu fundi anapowamba, kama atakuruhusu. Wahenga walishasema mwamba ngoma huivutia kwake.

Huku kwetu Pwani unyevu hulegeza ngozi jioni, ndiyo maana utawaona wapigaji wamezunguka moto kabla ya kuanza. Washa nyasi kavu au makuti, weka ngoma mbali kidogo, izungushe taratibu huku ukiigusa. Kiganja kikishindwa kuvumilia joto, ngozi nayo imezidiwa. Mkaa siupendi, joto lake linang'ang'ania sehemu moja. Gari lililofungwa vioo juani nalo limeshaua ngoma nyingi kuliko moto. Ukirudi nyumbani itundike, maana panya wanaipenda ngozi.

La kuuliza kabla ya yote ni kama ngoma hiyo unaruhusiwa kuipiga. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini Zanzibar alikuwa pia kungwi, mfundaji wa wari, wasichana wanaoingia utu uzima, na msondo, ngoma ndefu ya unyago, aliupiga ameubana katikati ya miguu. Aliupiga hata jukwaani mbele ya wanaume. Hilo halimpi mwanamume ruhusa ya kusimama dirishani na simu pale wari wanapofundwa. Usirekodi, na usiombe kurekodi.

Wapo wanaoniambia mwanamke hapigi ngoma. Hao nawashauri waende Dodoma. Ugogoni muheme ni ngoma ya wanawake, wanaibana mapajani na kuipiga kwa mikono. Burundi ni kinyume: amri ya mwaka 2017 iliwazuia wanawake kupiga ngoma zile, na kutaka kila shughuli iombewe kibali serikalini. Mimi binafsi amri ile sikuipenda, lakini mgeni anayefika huko na mikwiro yake lazima ajue ipo. Muulize mwenyeji, usimuulize muuza duka.

Kwa anayetaka darasa rasmi, pale Bagamoyo chuo cha sanaa kipo tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake la kila mwaka ni nafasi nzuri ya kusikia ngoma za mikoa mingi bila kupanda mabasi mengi. Kama umeamua kujifunza kwa mzee wa mtaani, patana naye ada siku ya kwanza. Usimletee maneno ya "kuenzi utamaduni" badala ya pesa, ameshayasikia sana. Ukimwita nyumbani kwako, nauli ni juu yako, na chakula pia.