Sweta kuukuu za kufumua: usiziingize kabatini kabla hujasoma hapa

Mkuu, usilifungue hilo gunia ndani ya nyumba.

Umeandika kwamba umepata sweta 14 kuukuu za sufu, utazifumua, uchanganye uzi wake na ule mpya ulioko kabatini, ufume pambo la ukutani kwenye fremu ya dirisha bovu. Ukauliza namna ya kufumua, rangi, na kama fremu itahimili. Mimi nimekwama kwenye neno "kabatini".

Mwenzako niliingiza gunia la namna hiyo kabatini, likakaa juu ya pambo nililolifuma kwa miezi tisa. Siku moja nalitoa, naona chengachenga nyekundu, ndogo kama mchanga, zimejaa chini ya mstari mwekundu. Nikadhani rangi inachuja. Nikapuliza, nikakunja, nikarudisha. Kumbe ni vinyesi vya mabuu ya nondo! Buu akila sufu nyekundu, anachokitoa nacho ni chekundu. Nilipolikunjua tena baada ya wiki kadhaa, mshindio wa sufu (nyuzi zinazopita kwa upana) ulikuwa umeliwa vipande vipande, mtande wa pamba (nyuzi za wima zilizofungwa kwenye fremu) umesimama vilevile, haujaguswa. Samaki kaliwa, imebaki miiba. (Wageni niliwaambia ndivyo nilivyokusudia. Mmoja alisifu.)

Aliyeniuzia aliapa zimefuliwa. Kufuliwa gani? Kwapani na kwenye kola kulikuwa na jasho la mtu, na mabuu hupenda sufu yenye jasho na mabaki ya chakula kuliko iliyo safi. Halafu kuna yule mtaalamu wa video aliyenihakikishia kwamba kijifuko cha lavenda kinatosha. Nondo wangu walizeeka wakinukia vizuri. Nami sina la kujitetea: kila jioni nilikuwa nafukuzana na nondo sebuleni, kandambili mkononi, najiona shujaa, ilhali nondo mzima hali sufu hata kidogo. Mlaji ni buu, naye yuko gizani kwenye mikunjo, kimya, anaendelea na shughuli.

Sahau mengine yote ushike hili: sufu kuukuu haikutani na sufu nyingine kabla haijalala friza. Tia sweta kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga kabisa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Siyo siku mbili! Sehemu ya friji ya kupozea maji haiui, inawapumzisha tu. Ukiutoa mfuko, usiufungue mpaka baridi yote iishe, la sivyo unyevu utatua juu ya sufu badala ya kutua nje ya plastiki. Na usiniambie utachemsha: maji ya moto na kusugua vitaishikamanisha sufu iwe felti, na hapo hufumui kitu.

Kufumua kwenyewe si kazi, ila angalia mshono wa ubavuni kwanza. Kama sweta ilikatwa kwa mkasi kisha ikapigwa ovaloki (mshono wa mashine unaofunga kingo zisichanike), kila mstari utakupa kipande kifupi tu. Hiyo iache. Fremu itikise, ikilia, kaza kona.

Sasa niambie, gunia liko wapi muda huu? Kama limeshaingia kabatini, toa kila kitu, na huo uzi mpya nao uende friza. Ndiyo, hata ule wa bei.