Databesi inaganda akiingia mtu wa pili

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni keshia kwenye godauni la mahindi na alizeti hapa Kibaigwa, tuna kompyuta nne na zote zinatumia programu moja ya Access (ile databesi ya Microsoft ya kutunza rekodi) aliyotutengenezea kijana mmoja zamani, faili liko kwenye kompyuta ya bosi sisi tumewekewa shotikati tu. Sasa asubuhi nikiwahi kufika iko fasta kabisa, risiti inatoka chap, ila akishafungua na mtu wa mizani basi tena, nabonyeza jina la mkulima nasubiri mpaka mkulima mwenyewe anaanza kuniangalia vibaya. Bosi anataka kununua kompyuta mpya. Itasaidia?

JIBU: Marahaba dada. Mwambie bosi hiyo hela aishike kwanza. Wewe mwenyewe umeshajijibu hapo uliposema ukiwa peke yako iko fasta, maana kompyuta ingekuwa mbovu ingekusumbua hata hiyo asubuhi.

Iko hivi. Kwenye kompyuta ya bosi hakuna karani, yaani programu ya kukutafutia kitu ikuletee, kuna faili tu limekaa, kwa hiyo kila mashine inaenda stoo yenyewe kuchambua na mzigo wote unapita kwenye netiweki. Angalia kwenye folda ya bosi mkiwa kazini, utaona kafaili kadogo kamejitokeza pembeni kanaishia na laccdb, hako ndo kanaandika nani yuko ndani na nani kafunga nini. Mkiwa wawili kila mashine inabidi ipite hapo kuuliza ruhusa, na programu ikiwa na tabia ya kufungua na kufunga tebo (majedwali yanayotunza rekodi) kila ukibadilisha fomu, inaanza kuuliza upya kila mara.

Dawa yake: piga bakapu kwanza (naomba msiruke hapa), halafu mligawe faili. Tebo zibaki kwa bosi, fomu na ripoti kila mtu awe na kopi yake kwenye mashine yake, siyo shotikati. Nenda Database Tools, kuna kitufe cha Access Database, kinaligawa chenyewe. Kisha mtafute huyo kijana aweke fomu moja iliyofichwa, imeshika tebo ndogo yoyote ya kwa bosi, inafunguka asubuhi na haifungwi mpaka mnatoka, ili programu isiulize ruhusa upya kila mara. Ni kazi ya dakika chache na mara nyingi ndo inayomaliza ugonjwa kama wenu, watu hawaamini mpaka waone.

Mizani wanatumia waifai? Kama ndiyo vuta waya, tena leo. Access na waifai haziivi, ikikatika katikati ya kuandika faili linaweza kuharibika kabisa, na kuna duka moja mjini Dodoma nilishinda siku nzima nahangaika na programu yao kumbe mashine moja imejiunga na waifai ya kaunta.

Kingine, namba ya mkulima na tarehe ziwekewe indeksi (orodha ya kutafutia haraka), bila hivyo kutafuta mtu mmoja ni kupekua tebo nzima. Na kama mnatafuta kwa kuanza na nyota, yaani kipande cha katikati ya jina, hapo indeksi haisaidii kitu.

Faili nalo linanenepa, ukifuta rekodi ukubwa haupungui mpaka wote mtoke ufanye Compact and Repair. Mwisho wake ni GB 2, hapo hakuna lumbesa, likijaa limejaa. Mkifika huko hamishieni tebo SQL Server Express, databesi nyingine ya Microsoft, ni ya bure, toleo la 2022 linabeba mpaka GB 10 kwa databesi moja na la 2025 mpaka GB 50, na yenyewe karani anakuwepo.

Anza na waya wa mizani na kugawa faili. Fomu ya risiti ikiendelea kusuasua niandikie tena, uniambie kile kisanduku cha kuchagua jina kinabeba wakulima wangapi kwa mpigo, nina wasiwasi nacho.