Seli ya LLZO inapiga shoti mapema: anza na uso wa kigae

Mkuu, umesema seli yako ya majaribio (lithiamu pande mbili, katikati kigae cha LLZO, yaani kauri ya oksidi inayopitisha ioni za lithiamu) inasoma ukinzani wa zaidi ya 1000 Ω·cm² na inapiga shoti ikifika 0.2 mA/cm². Usikimbilie kubadilisha kiasi cha tantalamu kilichochanganywa kwenye LLZO. Kigae chenyewe pengine ni kizima, kinachokuumiza ni uso wake.

LLZO ikikaa hewani, unyevu huchomoa lithiamu ya juujuu ikawa hidroksidi, kisha hewa ya ukaa huigeuza kuwa lithiamu kabonati. Lithiamu haishiki kwenye kabonati hata ukiiyeyusha, inajikusanya matone tu. Sugua kigae kwa msasa namba 400, kisha 800 na 1200, bila maji, ndani ya sanduku lililofungwa lenye gesi ya agoni. Halafu kipashe hadi 500°C humo humo, maana msasa peke yake hauondoi uchafu wote. Kikigusa hewa tena, rudia. Lithiamu nayo ikwangue mpaka ing'ae, ibandike pande zote mbili za kigae, uipashe karibu 175°C kwa saa kadhaa (inayeyuka 180.5°C) huku umeigandamiza kidogo.

Pima impedansi (ukinzani wa seli kwa mkondo geu wa masafa mbalimbali) kabla ya kupitisha mkondo wa kazi. Chukua upana wa nusu duara ya masafa ya chini kwenye mchoro wake, zidisha kwa eneo, gawa kwa 2 kwa sababu nyuso ni mbili. Lithiamu ya kipenyo cha sm 1 ina eneo la 0.785 cm², kwa hiyo 400 Ω ni sawa na 157 Ω·cm² kila uso. Bado ni kubwa mno. Uso safi hushuka chini ya 10.

Sasa shoti. Wengi hukodolea macho upande unaopokea lithiamu, ilhali balaa huanzia upande inakotoka. Kila 1 mAh/cm² huondoa unene wa mikromita 4.85 hivi. Lithiamu isipowahi kujaza nafasi hiyo, vishimo hubaki, mguso hupungua, na mkondo wote hubanana kwenye sehemu chache. Ukigeuza mkondo, dendriti (miiba ya lithiamu) huchomoza hapo hapo. Mwaka 2019 watafiti wa Oxford, wakitumia salfaidi ya Li6PS5Cl badala ya LLZO, walionyesha kikomo cha mkondo unaoweza kupita bila vishimo kurundikana kikipanda kutoka 0.2 hadi 1.0 mA/cm² mgandamizo ulipotoka MPa 3 kwenda 7. Namba hizo usizihamishie kwenye LLZO kama zilivyo, na usikaze ovyo: lithiamu ni laini, ikibanwa sana hupenya kwenye nyufa.

Fuatilia mchoro wa volti. Ukipanda polepole mwishoni mwa kila nusu mzunguko, vishimo vinaota, hivyo punguza mkondo au pasha seli hadi 60°C. Ukishuka ghafla na kutulia chini, usidhani mguso umekuwa mzuri. Pima impedansi tena: nusu duara ikiwa imetoweka, hiyo ni shoti.