Miezi Mitatu Maskati: Mliyoniuliza

Tangu nirudi kutoka Maskati, mji mkuu wa Omani, ambako kampuni ilinipeleka miezi mitatu kufunga mfumo wa kompyuta kwenye maghala ya mteja, simu yangu haina raha. Kila mwenye ndugu, jirani au shemeji anayekwenda huko ananiuliza kitu. Nimeyakusanya maswali yanayojirudia, na yale mengine ambayo hayajirudii lakini yamenichekesha.

Kaka, wanasema Maskati watu wanaongea Kiswahili. Hiki Kiingereza changu cha kuungaunga nikiache nyumbani? (Fundi umeme, Mwanza)

Usikiache. Kiswahili kipo, tena kingi, ila hakikai pale unapokitarajia. Afisa wa uhamiaji hakunisemesha Kiswahili. Dereva wa teksi alikuwa na Kiarabu na Kiingereza cha namba tu. Dukani utasikia Kihindi, Kimalayalam, Kibengali na Kiurdu, kwa sababu wauzaji wengi wametoka Bara Hindi. Siku tatu za kwanza niliamini nimedanganywa.

Siku ya nne niko kwenye lifti ya ofisi, namrekodia fundi wangu wa Mbagala ujumbe wa sauti. Alikuwa amekula hela ya mabati na kuta ziko vilevile. Nilimpa maneno yake yote, mengine siwezi kuyaandika hapa, nikijua hakuna anayenielewa. Pembeni yangu alisimama mzee wa kanzu nyeupe na kilemba, anatazama namba za ghorofa. Lifti ilipofunguka akanigeukia: "Mafundi ndivyo walivyo, mwanangu. Wa kwetu Wete nao walikuwa hivyohivyo." Akatoka zake.

Hicho ndicho Kiswahili cha Maskati. Ni lugha ya sebuleni, ya jikoni na ya wazee wakikutana msikitini. Ni familia zilizokaa Unguja, Pemba na Mombasa, na nyingine zilikwenda mbali zaidi bara: Tabora, Bujumbura, Kigali, hadi Kongo mashariki. Wapo walioondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi waliingia Omani kuanzia 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi kujenga. Walikuwa wamesoma, nchi ilikuwa na shule za kuhesabika kwenye vidole. Ukisikiliza vizuri utawatofautisha: wa Unguja anasema kwa mawimbi, wa Bujumbura anasema kama mtu wa Ujiji. Watoto wao wengi wanaelewa kila kitu, lakini wanajibu kwa Kiarabu.

Kwa hiyo anza na "Assalamu alaykum", halafu ngoja. Akitaka Kiswahili, yeye mwenyewe atakitoa. Na usimwendee mtu kwa Kiswahili eti kwa sababu ni mweusi. Kuna Waomani weusi ambao babu wa babu zao hawajui Kiswahili, na wapo weupe pe wanaokishinda wewe. Aliyezaliwa Unguja pia usimbatize "Mzanzibari" kabla hajajiita. Yeye ni Mwomani, na kuna wanaoumia kukumbushwa vinginevyo.

Jambo la mwisho hapa: ukiahidiana saa na mtu kwa Kiswahili, uliza ni saa za Kiswahili au za Kiarabu. Nilimsubiri mtu tangu saa mbili asubuhi, akaja saa nane mchana, na wote wawili tulikuwa tumefika kwa wakati.

Nikikaa na hao wazee, niwaulize kuhusu 1964? Nasomea historia. (Mwanafunzi, Morogoro)

Usianze wewe. Akianza mwenyewe, nyamaza usikilize, na usimsahihishe. Kuna mtu alinionyesha funguo ya nyumba ya Mji Mkongwe, ipo kwenye droo pamoja na pasi za kusafiria za zamani. Sikuuliza kitu. Ulichosoma darasani kiache darasani, kwani hapo umekaribishwa chai.

Chakula cha ofisini kikoje? Je, kuna mambo ya adabu ya kujua? (Mhasibu, Nairobi)

Chakula si tatizo. Wali wa nyama upo kila kona, samaki ni wa kumwaga, na jioni barabarani wanachoma mishikaki, wenyewe wanaiita *mishkak*, utajihisi uko Forodhani. Mwenzangu mmoja alikuwa akileta mandazi kila Jumapili, ambayo kwao ndiyo siku ya kwanza ya kazi.

Adabu yenyewe iko kwenye kahawa. Kikao hakianzi na ajenda. Kinaanza na tende, halafu kahawa nyepesi yenye iliki, isiyo na sukari, kwenye finjani ndogo isiyo na mkono. Anayemimina husimama na birika mkono wa kushoto, anakupa finjani kwa mkono wa kulia, nawe unapokea kwa wa kulia. Anatia kidogo tu, theluthi ya kikombe. Nikanywa, akatia. Nikanywa tena, akatia tena. Nilidhani ni heshima kumaliza, naye alijua bado nataka. Ya saba ilipoingia mikono ilishaanza kutetemeka, na mtetemo huo ndio ulioniokoa: finjani ikatikisika, akaichukua, akaondoka. Kumbe ndiyo ishara. Ukitosheka, tikisa finjani kidogo kulia na kushoto huku unairudisha. Usipotikisa utamiminiwa hadi magharibi.

Na salamu zao ni ndefu kama zetu. Hali, watu wa nyumbani, halafu "kuna habari gani?", hata kama mliagana jana jioni. Unajibu hakuna habari, ni kheri tu. Wazungu wa mradi wetu walikuwa wanatazama saa. Mimi nilijiona niko Pangani, na nadhani nusu ya saini nilizopata kwenye ule mradi zilitokana na kujua kusalimia.

Je, joto ni kama la Dar? (wengi mno)

Hapana. Joto la Dar unalilalamikia, la Maskati mwezi wa sita unalinyamazia. Kipimo kinapita nyuzi 40 na bahari inaongeza unyevunyevu juu yake. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, kwa hiyo kama kazi yako ni ya nje, panga ratiba mapema.

Ambacho hakuna aliyeniambia ni maji. Matangi yako juu ya paa. Saa nane mchana nikafungua bomba la maji baridi, nikaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Jirani, Mmisri, akanifundisha ujanja wa mji: kiangazi unazima hita, yale maji yaliyolala ndani ya hita, kwenye kivuli cha bafuni, ndiyo yanakuwa baridi. Unaogea bomba lenye alama nyekundu. Niliporudi Dar nilikosea mabomba wiki nzima.

Hela zao zikoje? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Riali moja ina baisa 1,000, na riali imefungwa kwenye dola tangu 1986, moja kwa dola 2.6. Sisi tuliozoea noti za elfu kumi tunaona bei ya "tatu" tunacheka. Nilinunua kava la simu kwa "tatu tu", nikajisifu, kisha usiku nikapiga hesabu: kama shilingi elfu ishirini. Kava lenyewe ni lile la pale kwenu, Kariakoo.

Nitaongeaje na familia? (Mama wa watoto wawili, Arusha)

Ujumbe wa maandishi na wa sauti unakwenda vizuri. Kupiga simu kwa WhatsApp ndiko kulikonishinda, haikushika hata siku moja. Programu za mikutano tulizotumia ofisini zilifanya kazi, kwa hiyo wafundishe nyumbani kutumia mojawapo kabla hujaondoka. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja tu. Na ujumbe wa sauti usiurekodie kwenye lifti.

Mimi ni wa Tanga, niliona picha wanasali wameachia mikono. Ni madhehebu gani hayo? (Ustaadh kijana)

Ni Ibadhi, wako wengi Omani, na kwetu pia walikuwepo na wapo, Zanzibar hasa. Husimama mikono ikiwa chini, na baada ya Alhamdu hawaitikii "amin". Ijumaa yangu ya kwanza niliitikia peke yangu, kwa sauti ya Kitanga. Hakuna aliyegeuka. Wewe funga mikono kama ulivyozoea. Wasuni, Mashia na Maibadhi wanapanga safu moja na hakuna anayekuuliza.

Wikiendi ulikuwa unafanya nini? Usijibu "kupumzika". (Msomaji, Kisumu)

Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi mji umelala fofofo, maduka yamefungwa hadi baada ya swala, na kama huna gari utazunguka chumbani kama kuku wa kisasa. Maskati si mji wa kutembea kwa miguu. Ni mrefu, umebanwa kati ya milima na bahari, na ukitaka duka la ng'ambo ya barabara unaweza kulazimika kupanda teksi. Kuna mabasi mekundu ya Mwasalat, safi, yana kipoza hewa, ila uwe na subira.

Ijumaa moja nilipata lifti ya kwenda Nizwa, mwendo wa saa moja na nusu kuelekea milimani, kuona mnada wa mbuzi. Ukitaka kwenda, ondoka baada ya alfajiri, kwani jua likipanda mambo yamekwisha. Kuna uwanja wa duara. Wanunuzi wengine wamekaa katikati, wengine wamezunguka nje, na wauzaji wanapita katikati yao na mbuzi wao kwa kamba, wanazunguka na kuzunguka, wanataja bei kwa sauti. Mnunuzi akipenda ananyoosha mkono, anamsimamisha mbuzi, anamfungua mdomo, anamminya kiuno, anamwachia. Vumbi, kelele, watoto wa kanzu wanaburuzwa na mbuzi waliowazidi nguvu.

Nikamnong'oneza mwenyeji wangu: "Huyu mbuzi kachoka, miguu kama ya kiti kibovu." Muuzaji alikuwa ameshapita hatua mbili. Akarudi na mbuzi wake, akanitazama juu hadi chini, akasema kwa Kiswahili cha Tabora kilichonyooka: "Na wewe je, ungezungushwa hapa tangu alfajiri ungekuwaje?"

Mwenyeji wangu alicheka hadi akashika ukuta.

Nguo je? (Mwanadada, Mombasa)

Ofisini hakuna sharti la baibui. Vaa kinachofunika mabega na magoti, beba mtandio kama utaingia msikitini. Wanaume wao wanavaa kanzu isiyo na kola, yenye kishada kidogo shingoni ambacho hutiwa manukato, na kofia ya kutarizi kama ile ya mzee wako wa Old Town.

Ila wanaume mnaokwenda kununua hiyo kofia soko la Muttrah, nawaonya: jina lake kwa Kiarabu cha Omani ni neno ambalo kwetu halitamkwi mbele ya mama mkwe. Muuzaji atakuita nalo kwa sauti sokoni, tena atakuuliza unataka ya saizi gani. Jikaze. Waomani wanaojua Kiswahili wanalifahamu balaa hilo, na mbele yetu wanasema "kofia".

Binti wa dada yangu ameahidiwa kazi ya ndani huko, safari wiki ijayo, mkataba atasaini akifika. Tumruhusu? (Mjomba, Singida)

Msimruhusu. Mkataba unasomwa na kusainiwa hapa, kwa lugha anayoielewa, kupitia wakala aliyesajiliwa serikalini, na nakala inabaki kwenu. Visa iwe ya kazi, si ya matembezi. Ubalozi wa Tanzania upo Maskati, aondoke na namba yao kichwani, si kwenye simu tu, maana simu inaweza kuchukuliwa. Wakala akisema hakuna muda wa hayo yote, basi jibu mmeshalipata. Hadithi zangu za lifti na mbuzi ni za mtu aliyekwenda na tiketi ya kurudi mfukoni. Huyu binti hali yake ni nyingine kabisa.

Nibebe zawadi gani, na nirudi na nini? (Shemeji yangu, ambaye angeweza kuuliza mezani)

Peleka karafuu kavu za Pemba na kanga. Kanga hasa. Nilipeleka doti mbili tu, kwa mke wa mwenyeji wangu na mama yake. Bibi hakuitazama rangi wala maua, alitafuta kwanza jina, akaisoma kwa sauti, akaguna, akamsomea mkwewe. Sijui kulikuwa na nini kati yao, ila kile chumba kilichangamka. Soma jina la kanga kabla ya kulipa.

Kurudi, beba halua, ubani wa Dhofar na udi. Halua ya kwao imelainika kuliko ya Unguja na ina zafarani nyingi. Mzee yule wa Wete, ambaye baadaye tulizoeana, alishikilia kwamba ya Pemba ndiyo halua, hii ni gundi tamu. Mimi nimekula zote na sitaki ugomvi.

Chaja zinachomeka? (Fundi umeme, Mwanza, tena)

Zinachomeka. Soketi ni zilezile za pini tatu bapa kama zetu. Nilinunua adapta mbili Mtaa wa Samora kabla ya safari. Zote ziko kwenye pakiti zake, na nauza.