Unukuzi wa kifonetiki: anza na sikio, alama zitafuata

Wanafunzi wa tiba ya usemi na lugha wakija kwenye somo la unukuzi, yaani kuandika sauti za usemi jinsi zinavyosikika, wanachokiogopa ni jedwali la IPA, alama za kimataifa za sauti. Alama nyingi, nyingine zimepinduliwa kichwa chini. Mimi alama hazinisumbui, zitakaririwa tu. Kinachonipa kazi ni kwamba wote wanajua kusoma na kuandika, na mtu aliyezoea tahajia tangu utotoni husikia herufi badala ya sauti.

Kiswahili nacho kinawapumbaza, kwa kuwa tumezoea kusema kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Waulize “mbuni” lina silabi ngapi. Mbuni ndege ana mbili, [ᵐbu.ni], mbuni mti wa kahawa una tatu, [m̩.bu.ni], m ikiwa silabi peke yake. Darasa litagawanyika. Waache wabishane kidogo.

Kwa hiyo mwanzoni natumia maneno yasiyo na maana, maana neno linalojulikana ubongo hulikamilisha wenyewe. Kisha kila sauti waitoe kwa vinywa vyao. Chukua [ɬ]: weka ulimi kama unayetaka kusema l, usighune, halafu puliza. Hewa itapitia pembeni mwa ulimi. Mate yataruka, watu watacheka, lakini aliyeitoa mwenyewe ataitambua siku atakapoisikia kwa mtoto.

Na ataisikia. Watoto watatu wanaletwa kwa maelezo yaleyale, “hawezi kutamka s.” Wakiambiwa waseme samaki, mmoja anasema [tamaki], mwingine [θamaki] (kama th ya “thelathini”), wa tatu [ɬamaki]. Wa kwanza anaweka kipasuo (hewa inazibwa kabisa kisha inaachiliwa) mahali pa kikwamizo (hewa inapita kwa kukwaruza), jambo la kawaida kwa watoto wadogo. Wa pili ulimi umetokeza kwenye meno. Wa tatu hewa inapita pembeni, na hapo usitegemee sana kwamba umri peke yake utairekebisha. Mwanafunzi aliyeandika “s si sahihi” kwa wote watatu hana pa kuanzia tiba.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa anayesema “tatu” kama [ʔaʔu]. Wengi huandika [au], wakidhani konsonanti zimeachwa. Hazijaachwa. Mtoto anajua pale pana konsonanti, ila hewa inamvujia puani, basi anaibana kwenye glota, kooni penye nyuzi za sauti; ndiyo hiyo [ʔ]. Alama moja ndogo inabadilisha kabisa picha ya anachokijua mtoto huyo.

Alama za extIPA, zilizotungwa kwa ajili ya usemi wenye matatizo, zicheleweshe. Wanafunzi huzipenda mno (zinaonekana za kitaalamu), wakaanza kuzipachika kila mahali kabla hawajatofautisha [t] na [d].

Kwenye mazoezi tumia video, si sauti tupu. Sauti [f] na [θ] kwa sikio pekee huchanganya hata wazoefu, midomo ndiyo inayoamua. Usiwaruhusu warudie kipande bila kikomo, kwa sababu baada ya muda sikio huanza kubuni. Wanukuu wawiliwawili, kila mmoja kivyake, kisha walinganishe.

Katika kusahihisha, usihesabu makosa kana kwamba yote yana uzito mmoja. Aliyeandika [t] pale palipo [t̪], t ya ulimi kugusa meno, amekaribia; aliyeandika [k] hakusikiliza. Na jedwali liwe mezani hata siku ya mtihani, maana unapima usikivu wao.