Uliza Baharia: Shanga za Manhattan

SWALI: Shikamoo Mzee Baharia. Mwanangu anasoma New York. Ananiambia mji ule ulianza kwa Mholanzi kununua kisiwa kizima kwa shanga za dola 24. Mimi nauza vitenge Kariakoo, biashara ya namna hiyo sijawahi kuiona! Ni kweli? Na hao Waholanzi wameishia wapi? – Mama Vitenge, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mama. Barua ya Novemba 1626 inawaarifu wakubwa kule Uholanzi kwamba Manhattan imenunuliwa kwa wenyeji kwa thamani ya gilda 60, fedha ya Uholanzi ya enzi hizo. Shanga haizitaji. Dola 24 ni hesabu ya karne ya 19, na shanga wamezitia wasimuliaji ili hadithi inoge.

New Amsterdam, ndivyo Waholanzi walivyouita mji huo, lilikuwa duka. Mwenye duka ni Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi, na alichofuata ni ngozi za biva, mnyama wa mitoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia Ulaya. Hadi leo biva wawili wamo kwenye nembo ya jiji. Mwaka 1643 kasisi Isaac Jogues alipopita aliambiwa kuna lugha 18 pale, na wakazi hawafiki hata 1,000! Gavana Peter Stuyvesant hakuupenda mchanganyiko huo. Wayahudi 23 walipofika mwaka 1654 wakitokea Brazil, alitaka kuwatimua. Kampuni ikamkatalia, maana Wayahudi wa Amsterdam walikuwa na fedha zao humo. Usije ukauita huo utu, mama. Ni daftari la mahesabu.

Waholanzi? Mwaka 1664 zilitia nanga meli nne za Waingereza. Stuyvesant akataka vita. Wakazi, mwanawe wa kumzaa akiwemo, wakamwandikia asalimu amri. Mji ukabadilishwa jina ukawa New York, mali na dini za watu zikaachwa. Mholanzi amebaki kwenye majina ya sehemu za jiji: Harlem, Brooklyn. Kilichoufanya jiji kubwa hasa ni Mfereji wa Erie wa 1825, njia ya maji iliyochimbwa kuelekea Maziwa Makuu ya Amerika, nafaka za bara zikaanza kushukia bandari ile badala ya nyingine.

Lakini mwanao hajakutajia Waafrika. Walifikishwa tangu miaka ya 1620, watumwa wa kampuni, mmoja akiitwa Simon Congo. Ukuta wa 1653 ulioipa Wall Street, mtaa maarufu wa mabenki, jina lake ulijengwa kwa jasho lao. Mwaka 1991, wakati wa kuchimba msingi wa jengo la serikali, yalikutwa makaburi ya Waafrika wa enzi za Waingereza. Yakatolewa mabaki ya watu 419, na mwaka 2003 yakazikwa upya palepale, mtaa wa Duane.

Nilifika pale siku meli yetu ilipopakua. Vilima saba vya majani, magari yanapita. Mmoja wa waliolala chini ni mama aliyechonga meno. Alizikwa na shanga zake kiunoni, zaidi ya 100, kama alivyovaa bibi yangu Pangani.