Kona ya Maswali: Furu walienda wapi?

*Shikamoo mhariri. Bibi yangu ni mtu wa Sengerema, kila tukipika sangara anaanza hadithi ya furu, wale visamaki vidogo vya ziwani, eti enzi zao mtoto mdogo akitupa ndoano pale ufukweni dakika tano ana furu wa mboga, na anasema sangara aliletwa na wazungu akawala wote. Sasa mimi najiuliza mbona babu alijenga nyumba ya bati kwa hela ya huyo huyo sangara? Nani kati yao yuko sahihi?* — Msomaji, Mwanza

Marahaba, ingawa umenizeesha kidogo. Bibi yuko sahihi na babu naye yuko sahihi, tatizo ndo hilo.

Sangara sio mwenyeji wa Ziwa Victoria. Kwao ni maziwa kama Albert na Turkana, na aliingizwa huku miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960, upande wa Uganda kwanza. Wakati huo ngege wa asili (ndugu zake sato) walikuwa wameshapungua sana kwa nyavu, kwahiyo wakubwa wakaangalia ziwa wakaona limejaa furu, visamaki vidogo vina miba, wakaviita samaki takataka. Hesabu yao ilikuwa rahisi tu: tulete jisamaki likubwa livile hivi vidogo, sisi tule hilo kubwa. Kwenye karatasi inapendeza.

Kwa miaka kama 20 hivi kulikuwa kimya, watu wakawa washasahau, halafu miaka ya 1980 sangara akalipuka ziwa zima na furu wakaporomoka. Na hapa watu wengi hawajui, furu sio samaki mmoja jamani. Walikuwa aina zaidi ya 500, na wanasayansi wanahesabu karibu 200 au zaidi zilipotea. Kila aina ilikuwa na kazi yake, kuna waliokula mwani (vile vijimea vidogo vinavyofanya maji yawe ya kijani), waliokula konokono, waliochimba tope, waliokula mayai ya wenzao, mpaka waliokuwa wananyofoa magamba ya samaki wengine (fikiria maisha hayo). Ni kama kijiji chenye fundi cherehani, muuza mkaa, mganga, mwizi, wote wameondoka ndani ya miaka kumi, sasa nani atashona nguo?

Mwani ukakosa walaji wake wengi. Na wakati huo huo mbolea, udongo wa mashamba na maji machafu ya miji vinashuka ziwani, mwani unashiba unazidi, ukifa unazama chini unaoza, na kuoza kunakula hewa ya oksijeni, kwahiyo kule kina kirefu kuna sehemu na vipindi samaki hawezi kuishi. Wataalam bado wanabishana kipi kilitangulia, sangara au uchafu. Mimi naona vilishikana mikono.

Kuna hili ambalo likinijia huwa nasikitika kweli. Jike la furu anachagua dume kwa rangi, huyu anataka mwekundu, yule anataka wa bluu, ndo maana zile aina hazikuwa zinachanganyikana. Maji yakishakuwa na ukungu wa mwani hawaoni vizuri rangi, wanaoleana ovyo, na aina mbili zinaishia kuwa moja. Yani hapo hata bila sangara kumla hata mmoja, furu wanapotea!

Halafu muulize bibi walikuwa wanakaushaje furu. Atakwambia juani, kwisha. Sangara ana mafuta mengi, juani anaoza, lazima umbanike au umkaange, na kuni zinatoka wapi? Vilima vya kando ya ziwa. Miti ikikatwa mvua inabeba udongo, udongo unaingia ziwani unalisha mwani. Umeona duara hilo? Linaanzia mdomoni mwa samaki linafika jikoni kwenu linarudi ziwani.

Sasa babu. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijaa Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja, mnofu unapanda ndege kwenda Ulaya, na watu kwa kweli walipata hela, walisomesha, walijenga. Waliobaki na mapanki, yani mifupa na vichwa vinavyobaki kiwandani, ni wale wasiokuwa na mtaji, na wengi wetu tumeyala mapanki tusijifanye. Kwahiyo bibi analia mboga yake ya bure, babu anashukuru bati lake, wote wanaongelea ziwa moja. Mwambie tu bibi kwamba sangara walivyoanza kupungua kwa kuvuliwa sana, baadhi ya furu wameanza kuonekana tena, sio wote, na sio kama zamani.

*Mkuu, kwenye semina ya zamani tuliambiwa sangara wa kuvua alikuwa wa sentimita 50 mpaka 85. Mdogo naelewa. Huyo mkubwa kwanini tuliambiwa tumuache, na yeye mwenyewe anakula watoto wake?* — Mvuvi, Ukerewe

Ni kweli anakula watoto wake, hasa chakula kingine kikipungua, sangara hana undugu. Lakini hao wakubwa wengi ni majike, na jike moja kubwa linabeba mayai kwa mamilioni. Ukimtoa huyo umetoa kiwanda kizima. Chini ya 50 wengi hawajazaa hata mara moja, na majike yanachelewa kukomaa kuliko madume, kwahiyo hata hiyo 50 ni kama huruma tu.

Najua utasema bondo, ule mfuko wa hewa ulioko tumboni mwa samaki. Sangara mkubwa ana bondo kubwa, bondo kavu linaenda China kwa bei ambayo mnofu hauioni, na mtu mwenye deni la injini akishika samaki wa namna hiyo saa tisa usiku hakuna semina itakayomkumbusha chochote. Sikulaumu. Ila kokoro sikusamehei, ule wavu mrefu wa kuburuta mpaka ufukweni, lile linakwangua kando kando ambapo sato wanatengeneza viota na vifaranga wanajificha, unavua kilo tatu za leo na kilo mia za mwakani.

*Huku Kisumu gugumaji limerudi tena, boti hazitoki. Mbona kila mwaka tunalitoa na haliishi? Na kuna jamaa ananiambia eti ni zuri kwa kamongo.* — Msomaji, Kisumu

Jamaa yako hajakosea! Kamongo anapumua hewa ya juu na kambare naye anavumilia maji yasiyo na oksijeni, kwahiyo chini ya gugumaji wao wanastarehe wakati mbuta (ndo huyo sangara) anakimbia. Wanaostarehe zaidi ni konokono wa kichocho, huyo jamaa hakukwambia.

Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, watu walilibeba kwa ajili ya ua lake zuri la zambarau, likafika ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Likipata chakula linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka na miaka zikisubiri. Wewe unatoa kwa jembe na mashine, lenyewe linazaa usiku. Kilichosaidia kweli ni fukusi, wadudu wadogo walioletwa toka huko huko kwao, wanakula gugumaji tu hawagusi mahindi yako, waliachiwa miaka ya 1990 na baada ya 1998 likapungua sana. Likarudi. Kwasababu ghuba yenu imefungwa kama chupa, mto Nyando unaleta udongo na mbolea, mji unaleta yake, na mmea wowote ukipewa mbolea bure utaota tu. Mkiendelea kutoa majani bila kugusa kinachotoka mitoni na kwenye mitaro, mtakuwa na ajira ya kudumu.

*Mimi niko fomu two. Mnyororo wa chakula na mtandao wa chakula tofauti yake nini? Na mbona sangara ni wachache kuliko dagaa?* — Mwanafunzi, Bukoba

Mnyororo ni mstari mmoja: mwani, kijidudu cha majini, dagaa, sangara, wewe. Mtandao ni minyororo mingi iliyoshonana, maana dagaa huyo huyo analiwa pia na mnandi, na anaishia kwenye chakula cha kuku. Wachache kwasababu kila hatua nguvu nyingi inapotea kwa kuogelea, kupumua na kinyesi, inapanda asilimia 10 hivi, kwahiyo kilo moja ya sangara imekula kama kilo kumi za wadogo. Na kwenye mtihani mshale unaelekea kwa anayekula, sio kwa anayeliwa. Hapo ndo wengi mnaangukia.